Kisharubu Achimba Mipaka ya Samawi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na maji?"

"Yakajaa!"

"Pakawa na samaki?"

"Akajaa kupita maji!"

Ehee! Huyo aliyejaa kupita maji ndiye ninayemtaka. Tulieni.

Palikuwa na fundi cherehani wa Morogoro, Bi Hidaya. Sebuleni kwake aliweka tangi la kioo, refu kama benchi la watu wawili. Ndani alitia mchanga, majani ya majini, chungu kimoja alichokilaza ubavu, na samaki.

Alikuwamo Kisharubu, kambale mdogo asiyezidi kidole, pamoja na ndugu zake watano. Kazi yao ilikuwa kupekua mchanga kutwa nzima: chaku, chaku, chaku. Alikuwamo Asali, gurami mwembamba wa rangi ya asali, mpole kama jina lake. Na alikuwamo Samawi.

Samawi naye alikuwa gurami, lakini dume la buluu, pana kama kiganja cha mtu mzima.

Siku ya kwanza Samawi aliingia chunguni, akatoa kichwa, akasema, "Hapa kwangu."

Wenzake wakasema, "Haya, bwana. Hapo kwako."

Siku ya pili akafika kwenye majani marefu. "Na hapa kwangu."

"Haya, bwana. Na hapo kwako."

Siku ya tatu akasimama katikati ya tangi. "Na hapa kwangu."

Asali akauliza taratibu, "Kaka Samawi, na sisi je? Kwetu wapi?"

Chwa!

Ilikuwa mara moja tu, kama mkasi. Kisharubu alikuwa chini mchangani, akaona kipande cha pezi la Asali kikishuka polepole, kikatua mbele ya pua yake. Alitamani kufumba macho, lakini samaki hana kope. Akakitazama tu. Maisha yake yote hakuwahi kuona kipande cha mtu anayemjua.

Siku ya nne Samawi akapanda hadi juu kabisa, maji yanapokutana na hewa. "Na huku juu kwangu."

"Hata hewa, bwana?" wakauliza.

"Hewa imekaa juu ya nini?"

"Juu ya maji."

"Maji ya nani?"

Wakashuka mchangani.

Sasa jueni, wasikilizaji wangu, samaki hawa hawatosheki na pumzi ya matamvua ya mashavuni. Gurami lazima apande juu avute hewa kwa mdomo. Kambale wa aina ya Kisharubu naye hupanda mara kwa mara, akameza funda moja, akashuka. Ukimzibia huko juu, umemkaba koo.

Kisharubu akapanda, fyuu! Samawi akamgonga, pu! Akashuka. Akapanda tena, fyuu! Akagongwa tena, pu! Mara ya tatu kifua kilianza kumbana. Akatazama ndugu zake: midomo wazi wote watano. Asali alikuwa amejibanza pembeni, nyuma ya bomba la kuchujia maji, pezi limechanika, anahema.

"Dada Asali, bado unaweza?"

"Kidogo tu, mdogo wangu."

Kisharubu hakungoja zaidi. Akaenda moja kwa moja kwa Samawi, akainamisha sharubu zake.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu. Nakuonea huruma tu. Mali yote hii, na haina mpaka! Akija mgeni leo atajuaje kwamba ni kwako?"

Samawi akashtuka, mapezi yakasimama. "Mgeni gani?"

"Yeyote. Unamjua Bi Hidaya, hachoki kuleta wageni."

Samawi akageuka kulia. Akageuka kushoto. "Sasa tufanyeje?"

"Tuchimbe mitaro. Kambale na kuchimba tumezaliwa pamoja. Kila kilicho chako tukizungushie mtaro."

"Chungu?"

"Tukizungushie."

"Majani?"

"Shina kwa shina."

"Zungusheni kote! Msiache hata jani moja!"

"Ila, bwana mkubwa, mchimbaji hachimbi bila pumzi."

Samawi akafikiri, akanuna. "Pandeni, mmoja mmoja. Na yule Asali?"

"Yule ndiye msimamizi wetu."

"Haya, apande naye. Lakini upesi!"

Asali akapanda, akavuta hewa, akashuka bila kuguswa. Alimtazama Kisharubu kama mtu aliyefufuliwa.

Wakachimba. Chaku, chaku, chaku. Wakazunguka shina la kwanza, wakazunguka la pili. Siku ya pili ya kazi shina la kwanza likang'oka, pwii! Likaelea.

"Majani yangu yanakwenda wapi?" Samawi akauliza.

"Yamepanda kuutazama mpaka, bwana mkubwa."

Likang'oka la pili, pwii! Likang'oka la tatu. Na chini ya chungu mchanga ukaisha. Gudu, gudu, gudu... PWAA! Chungu kikabingirika, kikagonga kioo, ngo! Tangi zima likawa uji wa mchanga. Kisharubu mwenyewe akaduwaa. Alikuwa ametaka kulegeza majani kidogo tu, ili Bi Hidaya aje atazame. Hakudhani dunia nzima ingepinduka.

Bi Hidaya akaja mbio, futi ya kupimia ingali shingoni. "Yallah! Ni nini tena hiki?"

Akasogeza uso kwenye kioo. Ndipo alipomwona Asali. "Ee Mola wangu! Nani kakuchana hivi, kama kitambaa?"

Akampigia simu Bwana Kombo, muuza samaki. Sauti ya Kombo ikasikika chumba kizima. "Ni huyo wa buluu, bibi. Gurami dume akishazoea mahali, huona pote ni pake. Mtoe siku chache, mweke peke yake. Kila kitu kipange upya, na majani yapande mengi, wasionane kutoka pembe hadi pembe. Kisha ndiyo umrudishe."

Wavu ukaingia majini. "Nani huyu?" akafoka Samawi. "Hapa kwangu!" Akauma, chwa! Wavu haukusikia. Ukamzoa, ukampandisha, ukamtoa nje ya dunia.

Chini walibaki midomo wazi. Kisharubu alikuwa amejiandaa kucheka, lakini alijikuta amejichimbia mchangani hadi sharubu. "Kumbe hata yeye anabebeka!" akanong'ona.

Siku nne Samawi alikaa ndani ya beseni. Siku nne hizo Bi Hidaya alipanga, akapanda, akaongeza mzizi mkubwa wa mti na majani tele. Wengine wakajichagulia vijumba vyao. Siku ya tano, chubwi! Samawi akarudi.

Akakimbilia chunguni. Akagonga kioo, ngo! Chungu kilikuwa upande wa pili.

Akakimbilia majani marefu. Pua ikagonga mzizi, pu!

Akamwona Asali, akamrukia. Asali akazunguka jani moja tu, akapotea. Samawi akakutana na shina, na nyuma ya shina, shina jingine. Akazunguka tangi zima mara tatu, buluu yake imefifia, asijue pa kuanzia.

"We kambale!" akaita, na sauti ilikuwa si ile. "Kwangu kuko wapi? Mpaka wangu uko wapi?"

"Shikamoo, bwana mkubwa. Mpaka wako unaanzia mdomoni, unaishia mkiani. Angalia usiuvuke."

Samawi akautazama mkia wake kwa muda mrefu, kama anauona leo.

Mwishowe alipata pembe moja nyuma ya mzizi, akajenga hapo kiota chake cha mapovu. Asali alipopanda kuvuta hewa, Samawi alisimamisha mapezi, akatazama huku na huku, akayalaza. Nalo pezi la Asali lilikuwa limeanza kuota upya, jembamba kama karatasi.

Ngano yangu imezama, imefika mchangani. Utamu wake gawaneni, uchungu wake nibakizieni.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: heshimuni mipaka ya wakubwa wenu. Na mkiona haionekani vizuri, jitoleeni kuichimba.