Figa Lililotoka Angani

Sogeeni, na wapenda ubishi wakae mbele, maana hadithi hii haijawahi kuisha kwa amani.

Milimani Rungwe, ambako mawe meusi yamejaa hata mashambani, waliishi ndugu watatu. Tusekile alijaliwa macho: mbuzi aliyepotea ng'ambo ya bonde, yeye alimwona kabla mwenyewe hajamkosa. Ambakisye alijaliwa miguu, hakuna korongo lililomshinda. Ipyana, mhunzi, alijaliwa masikio. Aligonga jembe akajua lina ufa wapi.

Asubuhi moja Tusekile alikuwa aking'oa maharage. Ghafla moto ukapasua anga, ukanguruma, ukazama korongoni penye mianzi. Alikimbia nyumbani moyo ukimdunda kwa furaha, akasema kimondo kimeanguka na amepaona kilipoangukia. Watu wakacheka. Wakamwambia kimondo ni moto wa juu tu, huzimika hukohuko, hakuna kinachofika chini. Wakambandika jina la Mama Nyota, na tangu hapo kila alilosema sokoni likaitwa uongo. Lilimuuma mno.

Ambakisye akamwonea huruma. Aliteremka korongoni, ambako hata wakata mianzi hawathubutu, akakuta shimo jipya na jiwe ndani yake. Jiwe zito ajabu! Akalipandisha hadi mabega yakachubuka. Mama akalitazama, akaona ni jeusi kama mengine yote. Kwa kuwa figa lake moja lilikuwa limepasuka, akaliweka jiwe hilo mahali pake jikoni, likaivisha maharage mwezi mzima. Tusekile aliyala, bado akiitwa Mama Nyota.

Siku Ipyana alipokuja kula, nyundo ilimponyoka ikagonga figa. Akaacha tonge. Akaligonga tena, akalisugua kwa tupa hadi likang'aa.

"Mawe yetu hayalii hivi," akasema. "Hiki ni chuma, na kimetoka juu. Dada alisema kweli."

Kijiji kizima kikamiminika. Baba akaamua jiwe lisivunjwe: likae mlangoni kwa mmoja wa watoto wake watatu, yule anayelistahili zaidi, liitwe kwa jina lake daima.

"Bila mimi mngetafuta nini?" akauliza Tusekile. "Tena mimi ndiye niliyeitwa mwongo."

Ambakisye akafunua mabega yake yenye makovu, akasema kuona si kuleta. Ipyana akasema kwamba bila yeye lingekuwa linapika maharage hadi leo.

Baba akawatazama mmoja mmoja. Tusekile alisimama roho juu, akiwaza watu wakipita mlangoni pake na kulitaja jina lake bila kucheka.

Haya, msinitazame mimi. Wewe ungelipeleka jiwe lile mlangoni kwa nani?