Pimbi, Fisi na Madirisha ya Kompyuta

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni shangazi Nakijwa, mwaka ule umeme ulipofika Usangi, sote tukipukuchua mahindi jikoni kwake. Alianza hivi:

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana kompyuta zilishakuwako, wanyama wa bondeni walichanga wakanunua kompyuta moja kubwa yenye vioo vingi. Kila mnyama aliketi mbele ya kioo chake, akafungua dirisha lake, akaandika mambo yake.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na seva ya picha. Kazi yake ni kupokea kazi za wote na kuzipanga kwenye vioo. Lakini seva ile ya zamani ilikuwa na ukarimu wa kijinga: aliyejua njia aliweza kuketi kwenye dirisha lake akachungulia ya wenzake wote.

Aliyejua njia ni mmoja tu. Fisi! Ndiye aliyekuwa mlinzi wa mtambo, na neno la siri la kuubadilisha alikuwa nalo peke yake.

Asubuhi moja Bi Kanga aliingia akilia. "Kekeke! Mayai yangu! Yote!"

"Nani alijua ulikoyaficha?" akauliza Pimbi, jirani yake.

"Hakuna! Nilimwandikia dada yangu tu, jana, hapa hapa."

Pimbi akageuka polepole. Kule pembeni Fisi alikuwa ameketi, ute wa yai umemkauka kwenye sharubu.

Jana hiyo hiyo, Pimbi naye alikuwa amemwandikia mama mkwe wake: watoto wetu pacha wanalala kwenye pango la nyuma, la mwamba mwekundu. Akatoka mbio, akawahamisha. Lakini atawahamisha mara ngapi?

Mkutano ulipoitwa, Pimbi akasimama juu ya kiti ili aonekane.

"Mwenyekiti Nyati, kuna seva mpya ya picha. Hiyo humwonyesha kila mtu dirisha lake tu. Tuiweke."

"Haiwezekani!" Fisi akaruka. "Seva hiyo ina masharti. Inataka kadi ya picha iwe na kiendeshi kipya."

"Kiendeshi ndiyo nini?" akauliza Nyati, akitafuna.

"Ndicho kinachoiambia kadi namna ya kuchora, Mheshimiwa. Hiki chetu cha zamani hakielewani na seva mpya. Tukilazimisha, vioo vyote vitakuwa vyeusi tii!"

"Basi tuweke na kiendeshi kipya," akasema Pimbi. "Kipo."

"Kipo, kipo! Wewe kimo cha kikombe unajua nini?"

Wanyama wakacheka kwa-kwa-kwa. Nyati akapiga kwato. "Fisi ndiye fundi. Pimbi, shuka kwenye kiti, unakichafua."

Pimbi akashuka. Hakununa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo chake, akaanza kuandika, ta-ta-ta-ta:

"Mama mkwe, shikamoo. Nina siri. Kiendeshi kipya kikiwekwa pamoja na seva mpya, mwenye neno la siri ataona mpaka ndani ya vyungu vya watu, na harufu itamjia puani. Nimejitia kuipigania seva hiyo mkutanoni makusudi, ili Fisi aikatae. Usimwambie mtu. Fisi akijua, tumekwisha."

Kabla hajaweka nukta ya mwisho, akasikia nyuma yake: do! do! do! Mate yalikuwa yanadondoka juu ya vibonye vya Fisi.

"Tokeni!" Fisi akafoka. "Tokeni wote! Vumbi limezidi, nataka kufagia!"

"Wewe? Kufagia?" akashangaa Bi Kanga.

"Nje, mama!"

Mlango ukafungwa, pu! Wakabaki uani wakitazamana. Ndani mtambo ukanguruma vrrrr. Kimya. Kisha vrrrr tena.

Pimbi alikuwa akiguguna kucha. Fisi si mjinga wa kila siku. Akitulia tu, atarudisha ya zamani, na wale pacha hawana pango la tatu.

Lakini mwenye njaa hatulii. Kule ndani kioo kiling'aa safi kuliko siku zote, picha laini kama mafuta, na katikati dirisha moja tu: la Fisi mwenyewe. Akalitafuta la Kanga, hakuna. La Pimbi, hakuna. Akakigonga kioo. Akakinusa. Akakilamba, lamu! Baridi.

Mlango ukafunguka kwa teke.

"Pimbi! Mwongo we! Umesema nitaona ndani ya vyungu!"

Ua mzima ukageuka kumtazama.

"Nimemwambia nani, mjomba?" akauliza Pimbi kwa adabu.

"Umemwambia mama mkwe wa— " Fisi akafumba mdomo. Akaufumbua. Akaufumba.

Bi Kanga akasogea, manyoya yamesimama. "Barua ya Pimbi kwa mkwewe uliionea wapi, Fisi? Na yangu kwa dada yangu?"

Nyati ni mzito wa kufikiri, lakini akifika amefika. Aliacha kutafuna. "Mmmmh," akasema. "Kumbe nami kila nikimwandikia mke wangu mambo ya usiku…"

"Mheshimiwa, yale sikuyasoma yote!"

Hapo pembe zikainama. Nyati akalidai neno la siri, na Fisi akalitema kabla hajapaa juu ya ua, hiiii, mkia katikati ya miguu. Neno lenyewe lilikuwa "nyama". Wakalibadilisha papo hapo. Seva mpya ikabaki, na kiendeshi chake, na kila mtu na dirisha lake.

Siri ya wizi ikikudanganya, wanangu, huna pa kuishtaki.

Nyati amekwisha kufa, kwa uzee. Bi Kanga hayupo, ila vifaranga aliowatotoa baadaye wapo. Fisi yu hai, anaishi ng'ambo, na haulizwi habari za kompyuta. Pimbi yu hai, na pacha wake pia. Na mama mkwe yu hai, bado anasubiri harufu ya vyungu.