Mgeni wa Sahani ya Tatu

Paukwa?
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na njaa.
Ilikaa wapi?
Tumboni mwa mkubwa.
Na chakula je?
Mezani kwa wadogo.

Basi sogeeni. Aliyekuja na chakula mfukoni akimalize sasa hivi, maana hadithi hii ina harufu, na mimi sipendi kusikia matumbo yakinguruma katikati ya maneno yangu.

Hapo kale, Pimbi alikuwa akikaa majabalini, peke yake, katika ufa wa jiwe. Masika moja jabali likaporomoka, likamvunja mguu. Mvua ilinyesha siku kumi na saba, na mwenye mguu uliovunjika haendi kutafuta chakula. Angekufa. Hakufa kwa sababu alikuwa na marafiki wawili.

Kanga alikuja kila siku akaziba mdomo wa ule ufa kwa mbawa zake, upepo ukampiga yeye. Na Mzee Kobe alileta majani. Alikuwa akitoka kwake asubuhi, anafika kesho yake jioni, jani mdomoni limeshanyauka. Analiweka chini, anasema, "Kula, mwanangu," kisha anageuka kufuata jingine.

Mguu ukapona, lakini Pimbi akawa hana raha. Ahsante alishasema, akasema tena, ila ahsante ya mdomo aliiona ndogo kwa wema ule.

Sasa, penye njia panda palikuwa na mkahawa wa Bi Paka. Bi Paka alizaliwa Uthai, nchi ya mbali upande jua linakotokea, na alikuja na mapishi ya kwao akayafungisha ndoa na ya kwetu. Samaki wa nazi alimtia mrehani. Tambi alizikaanga na matembele. Muhogo aliuchemsha kwa mchaichai mpaka muhogo wenyewe ukajiona bibi harusi. Wanyama walikuwa wakizunguka njia ndefu ili tu wapite pale wanuse.

Pimbi akaenda. "Shikamoo, Bi Paka."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka meza moja, ya watu watatu. Mali sina, ila najua mchaichai mzuri unapoota."

Bi Paka akamtazama, akautazama na ule mguu. "Niletee mzigo kila asubuhi, mwezi mzima," akasema, "nami nitakupikia sahani tatu."

Mwezi mzima Pimbi akabeba mizigo ya mchaichai iliyomzidi kimo, mguu ukimuuma kila palipokuwa na baridi. Mwezi ulipokwisha akapewa meza yake, mchana mmoja, sahani tatu. Akawaita Kanga na Mzee Kobe. Kobe aliambiwa siku nne kabla, ili afike.

Wakaketi, wakanawa. Pimbi alikuwa na furaha hata akanawa mara mbili.

Hapo ndipo akapita Fisi.

Fisi hakuwa na shamba wala jiko. Alikuwa anaishi kwa karibu za watu. Mnajua desturi yetu: anayekula akimwona mtu anapita husema karibu, na anayepita husema ahsante, kuleni, nimetoka kula, hata kama hajala tangu jana. Hivyo ndivyo waungwana wanavyostahiana. Fisi yeye alipita mlango hadi mlango saa za kula, polepole, akikohoa ili aonekane.

Akakohoa. Kanga, aliyelelewa vizuri kupita kiasi, akasema kabla hajafikiri, "Karibu."

"Nimeshakaribia," akasema Fisi, naye alikuwa ameshakaa.

Wote watatu wakasogea kumpa nafasi. Karibu ikishatoka mdomoni hairudishwi.

Ikaja sahani ya kwanza: supu ya kamba, mchaichai ndani, ndimu juu, inafuka moshi. Mkono wa Mzee Kobe ukaanza safari kwenda kwenye kijiko.

"Mkubwa kwanza," akasema Fisi.

Fyoo. Bakuli likabaki jeupe. Mkono wa Kobe ulikuwa haujafika katikati ya meza.

Na tuambiane ukweli, Kobe alikuwa amezaliwa kabla ya babu yake Fisi. Lakini Fisi alipima ukubwa kwa tumbo.

Ikaja sahani ya pili: tambi za kukaanga, zimekolea ukwaju, karanga zimenyunyizwa juu.

"Mkubwa kwanza," akasema Fisi.

Sururu, sururu, sururu. Sahani ikabaki nyeupe. Kanga aliambulia karanga moja iliyoruka, akaikata nusu akampa Kobe.

Pimbi akatazama ile nusu ya karanga, akataka kulia. Mwezi mzima wa mizigo, na marafiki zake wanagawana karanga. Kumfukuza mgeni ni aibu. Kumwacha ni kumpa na samaki wa sahani ya tatu, na samaki ndiye aliyekuwa shukrani yenyewe. Akainuka. "Naenda kuangalia samaki," akasema.

Jikoni alimkuta Bi Paka mbele ya kinu kikubwa, jasho linamtoka. Pembeni palikuwa na mlima wa mapapai mabichi yaliyokwanguliwa, ungo wa karanga, ungo wa vitunguu saumu, na kapu la pilipili zile ndogo, nyekundu, ambazo kwao hata paka wa mwaka mmoja anazijua na hazichezei.

"Samaki wenu tayari," akasema Bi Paka. "Mimi ndiye nisiye tayari. Kesho nina harusi ya Nguchiro, kachumbari ya papai ya wageni mia, na mikono yangu miwili."

Pimbi akafikiri. "Bi Paka, huku kwetu tuna msemo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule pale ameshakula sahani mbili."

Bi Paka akachungulia mlangoni, akamwona Fisi analamba meza. Sharubu zikamcheza. "Jembe sina," akasema. "Kinu ninacho."

"Na anayetwanga haonji?"

"Anaonja. Anayetwanga lazima alambe mchi, la sivyo atajuaje kama imekolea?"

Pimbi akarudi, akainama sikioni mwa Fisi. "Mzee, kuna jambo sitaki hawa wasikie. Jikoni kuna kinu, na katika jiko hili anayetwanga ndiye anayelamba mchi. Mimi ni mdogo, mchi wenyewe siuwezi."

Fisi akasimamisha masikio. "Ndani ya kinu mna nini?"

"Papai, karanga, kamba wakavu, sukari ya mnazi. Vingine sivijui majina."

"Na samaki?"

"Samaki ni mmoja tu, Mzee. Kinu kinajazwa, kinajazwa tena."

Fisi akainuka. "Mkubwa kwanza," akasema, akaenda jikoni mwenyewe, kwa miguu yake.

Twa, twa, twa.

"Nilambe?" akauliza Fisi.

"Bado," akasema Bi Paka, akamwaga karanga.

Twa, twa, twa.

"Nilambe?"

"Bado. Anayelamba mapema ni mtoto," akasema Bi Paka, akamwaga vitunguu saumu.

Twa, twa, twa.

Huku mezani samaki akafika. Perege mzima, amelala katika tui zito, mrehani juu yake, na ugali wa muhogo pembeni. Msiniulize pimbi anakulaje samaki. Kama hamtaki wanyama wanaokula walichoandaliwa, nendeni mkasikilize habari za mvua.

Wakala polepole, kwa sababu Kobe hajui kula vinginevyo. Kanga akafumba macho kila tonge. "Shoga," akamwambia Pimbi, "huyu samaki angenikuta mgonjwa ningepona." Pimbi hakula sana. Aliwatazama wakila, akashiba.

Jikoni, mlima wa mapapai ulikwisha, nyungo zikawa tupu. Mwisho Bi Paka akalipakua papai lote pembeni, akainamisha kapu la pilipili kinuni. Twa, twa, twa.

"Nilambe?"

"Mzee wangu, sasa umefika wakati."

Fisi hakulamba mchi. Fisi alitia kichwa ndani ya kinu.

Kisha ikasikika sauti kama maji yaliyomwagwa juu ya chuma cha moto, na Fisi akatoka jikoni ulimi nje, macho yamejaa machozi, akapita mezani mbio. Kanga, na adabu zake zile zile, akasema, "Karibu."

"Ahsante," akasema Fisi bila kusimama, "nimeshiba." Akashika njia ya mtoni.

Bi Paka akawaletea papai alilotwanga Fisi kabla ya pilipili kuingia, tamu, chachu, limekolea barabara. Harusi ya Nguchiro nayo ilikuwa imeshatwangiwa yote.

Pimbi akasimama. Maneno ya shukrani alikuwa ameyapanga mwezi mzima, kila mzigo neno moja. Akafungua mdomo. "Masika yale," akaanza, akasahau neno lililofuata. Akajaribu tena. "Masika yale ninyi wawili..."

Mzee Kobe akaweka mkono wake juu ya mkono wa Pimbi. Ulichukua muda kufika.

"Kaa ule, mwanangu," akasema. "Majani yangu yalikuwa yananyauka njiani, nami nilikuwa naona haya kukupa. Nawe uliyala yote, hukubakiza hata kikonyo. Nilirudi nyumbani nimeshukuriwa kila safari."

Pimbi akakaa. Akalia kidogo, akala sana.

Sasa funzo. Najua mmeshaandaa lenu, kwamba ulafi ni mbaya. Hamkusikiliza. Bila ule ulafi, nani angetwanga papai la watu mia? Funzo ni lile la wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkiwa mnakula na mkubwa akapita, msimnyime karibu, ni dhambi. Mkaribisheni kwa moyo mweupe, mpeni na kiti. Ila mkiwa hamna cha kumtwangisha, kuleni ndani, mfunge mlango.

Ngano yangu nimeipakua yote. Aliyeiona tamu ampelekee jirani. Aliyeiona chachu anirudishie sufuria yangu, ikiwa imeoshwa.