Chungu Kilichokuwa Kikitembea

Paukwa!

Pakawa!

Ah, nyie nao! Mnaitika kama mliolala njaa. Na wakubwa huko nyuma, msijifanye mmekuja kusindikiza watoto. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Mikono ipukuchue mahindi, masikio nipeni mimi.

Hapo zamani za kale, dawa ilikuwa na miguu. Unacheka nini, Mwanaidi? Ilikuwa na miguu! Miguu ya bibi yake Twiga. Masika yakianza na homa ikiingia msituni, yule bibi alichemsha magome, akajaza chungu, akakining'iniza shingoni, akashika njia. Kata ya kuchotea ikagonga chungu: ngo! ngo! ngo! Ukisikia hivyo, unajua dawa imefika mlangoni kwako. Fuko alitoa pua shimoni, akanywa. Popo alifuatwa jioni, akishaamka. Hakuna aliyeambiwa njoo.

Na nyuma ya bibi alikwenda Twiga, mdogo bado, miguu inampiga chenga. Pembeni yake alikuwa shoga yake, Kobe. Walicheka njia nzima, wakigombania kulamba kata. Lo, siku zile zilikuwa tamu, jamani.

Bibi akafa. Msitu ukalia. Tembo akamwita Mbuni, akamwita na Twiga, ambaye sasa ni mtu mzima na shingo yake. Wakasema, tuunde Chama cha Dawa, kazi ya bibi isipotee. Wazo zuri, sikatai. Wakasema, chungu kikitembea kinamwaga, kinaingia vumbi. Basi wakakitundika juu ya mgunga, penye kivuli, pasipo nzi. Wakakitundika usawa wa shingo. Shingo ya nani? Yao! Walikuwa wao tu hapo.

Masika yakaja, homa ikaja nayo. Ngoma ikalia: du! du! du! Mbuni akatangaza: "Kila mnyama kata moja! Mkubwa kwa mdogo! Hakuna upendeleo!" Pundamilia akaja, Nyati akaja, Tembo akawashushia kata kwa mkonga wake. Twiga akatazama foleni, moyo ukamjaa. Akawaza, bibi angeniona leo!

Lakini jioni chungu kilibaki nusu. Kesho yake, nusu tena.

"Wadogo hawaji," alisema Twiga.

"Hawapendi dawa," akasema Tembo. "Ni chungu mno, wanasema. Tumepiga ngoma, tuwafanyeje? Tuwabebe?"

Wakacheka. Twiga naye alicheka.

Sasa, Twiga akishikwa na kiu mnamjua anavyohangaika. Alikwenda mtoni, akatanua miguu ya mbele, akainama, akainama, mpaka kichwa kikafika chini kabisa. Huko chini ndipo alipomwona Kobe, yule shoga yake wa utotoni. Anatambaa peke yake, macho mekundu.

"Shoga! Za siku nyingi?"

"Siku nyingi kweli, Twiga."

"Mbona huji kunywa dawa?"

Kobe akasimama. "Nilikuja."

"Lini?"

"Nilikuja, mwenzangu. Mwanangu anaungua na homa, nikamwacha, nikaja. Nilifika chini ya mti wenu, nikaita. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Mlikuwa mnaongea huko juu. Mlikuwa mnasema wadogo hatupendi dawa."

Twiga alitaka kujibu, maneno yakamkwama. Na shingo ile ni ndefu, yana mahali pengi pa kukwama.

"Unakumbuka ngo ngo ngo?" Kobe akauliza. "Mwanangu haijui sauti hiyo. Namsimulia tu." Akainamisha kichwa, akaendelea kutambaa kurudi kwake.

Twiga akatoka mbio. Vumbi tifu! tifu! Akafika mgungani akihema. "Shusheni chungu!"

"Kwa amri ya nani?" akauliza Tembo. "Tumekubaliana usawa. Kata moja kila mnyama. Tukianza kumpelekea huyu, kesho Simba atataka anyweshwe kitandani."

"Laleni chini."

"Nini?"

"Laleni kifudifudi hapa, Tembo na wewe Mbuni. Kidevu ardhini, kama anavyokaa Kobe. Haya, tazameni juu. Mnaona nini?"

Tembo akalala, puu! Akageuza jicho. Mbuni akalala, manyoya yakajaa majani.

"Naona kitako cha chungu," alisema Mbuni.

"Dawa je, unaiona?"

"Naona masizi."

Tembo akainuka polepole, mavumbi tumboni. Akanyoosha mkonga, akafungua kamba.

Twiga akavaa chungu shingoni, kama bibi. Ngo! ngo! ngo! Akapita kwa Fuko kwanza, kwa kuwa ndiko njiani. Akagonga ardhi. Ngo! ngo! Hakutoka mtu. Akagonga tena, akaita kwa jina, akatega sikio shimoni. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na buibui alikuwa ameshafunga mlango kwa utando wake. Twiga alilia, wanangu. Alilia akitembea, maana kwa Kobe bado kulikuwa na mtu.

Je, alikuwepo? Kobe mwenyewe ndiyo kwanza anafika. Mtoto alikuwa amejifungia gambani, hatoi kichwa, haitikii mama. Twiga akatanua miguu, akainama. Ngo! ngo! ngo!

Kimya.

Ngo! ngo! ngo!

Gamba likatikisika. Kikatoka kidole, ikatoka pua.

"Mama," kile kitoto kikasema, "ni ile?"

"Ndiyo ile, mwanangu."

Kata ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. Kobe akachuma jani, akamnywesha tone kwa tone. Asubuhi mtoto aliomba chakula. Akatapika, akaomba tena.

Tangu hapo Chama kikimaliza kazi hakiulizi wangapi wamekuja. Kinauliza, nani hatujamwona? Kisha chungu kinatoka kumtafuta. Na kila wakipita kwenye shimo la Fuko wanagonga, ingawa wanajua.

Basi mkikua, mkawa na vyama vyenu na zahanati zenu, mjue hivi: kumpa kila mtu kata moja hakutoshi, kama wengine hawaifikii. Asiyekuja, kamuulize kwa nini. Ukishajua, shusha chungu umfuate.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Kobe. Nami niliisikia jikoni kwa nyanya yangu, tukipukuchua mahindi hivihivi, naye alipofika mwisho aligonga kata kwenye sufuria. Nipeni hiyo kata. Ngo! ngo! ngo!