Jina la Mtoto wa Siwema

"Jina langu msipompa mtoto huyu, basi hiyo taya nirudishie!" Hidaya alimwambia wifi yake, Siwema, na kichanga cha kike kimelala mapajani mwa mama yake. Kesho kinatimiza siku saba, na jina bado.

"Taya umeiunga wewe?" Haji, mume wa Siwema, akamdakia dada yake. "Na maji ya sabuni pale kinuni alimwaga nani?"

Kweli, alimwaga Hidaya. Mwaka jana Siwema alikuja na mchi wake, akateleza, kidevu pwaa! kwenye ukingo wa kinu. Na mtu akiangukia kidevu, jamani, pengine kinachovunjika si kidevu. Ni kule juu, kwenye bawaba za taya, mbele ya masikio. Zilivunjika zote mbili. Meno yakawa hayakutani, hata tonge la wali likamshinda.

Hospitali wakampokea mabibi wawili wapasuaji. Daktari Raya akasema, "Kulia mfupa umekatika juu kabisa. Nitapasua mbele ya sikio." Lakini njia hiyo ina mshipa unaofumba jicho. Ukiukata, mtu analala jicho wazi. Raya akaupita polepole, kama mtu anayemruka mtoto aliyelala. Akauunga mfupa, na jicho likapona.

Daktari Salha akasema, "Kushoto umekatika chini kidogo. Nitapitia ndani ya mdomo, uso usibaki na kovu." Huko ndani kwembamba, mkono unajua kuliko jicho. Akauunga mfupa kwa kibati na skurubu. Meno yakakutana.

Loo, mdomo ukagoma kufunguka! Kidole kimoja tu ndicho kinachoingia. Madaktari wakasema lazima unyooshwe, na Hidaya akaibeba kazi hiyo. Kila asubuhi anapachika vijiti bapa katikati ya meno, leo hivi, kesho anaongeza. Siwema machozi yanamtoka, anamtukana kwa macho.

"Nitukane kwa sauti, wifi! Ndivyo utakavyofunguka!"

Ukafunguka, mpaka vidole vitatu vikaingia.

Sasa Haji anataka Raya. Mama yake Siwema anataka Salha, maana uso wa mwanawe hauna alama upande ule. Hidaya anajitaka mwenyewe. Na Siwema anajua, jina atakaloliita kesho ataliita maisha yake yote, kwa mdomo huo huo waliompa wote watatu.

Akamtazama mwanawe. Akafungua mdomo, nyumba nzima ikamsogelea.

Haya, msaidieni nyinyi. Aliyeunga kulia, aliyeunga kushoto, au aliyemwaga maji kisha akaufungua mdomo: mtoto aitwe nani? Ukishindwa, mpelekee jirani yako, naye akishindwa ampelekee wake.