Ghala la Kiboko na Maswali ya Kindi

Paukwa!
Pakawa.
Palikuwa na ghala kando ya mto.
Lilikuwa na nini?
Lilijaa mpaka darini.
Na mlangoni alikaa nani?
Subirini, mbona mna haraka kuliko wenye njaa.

Basi mlangoni alikaa Kiboko. Ghala lake ndilo pekee lililokuwa halivuji, kwa hiyo kila mnyama aliweka mavuno yake humo: Nyani mahindi yake, Kanga mtama wake, na Kindi karanga zake, ambazo ndizo zilizokuwa chakula cha watoto wake kiangazi kizima.

Kiangazi kikaja. Kindi akaenda kuchukua karanga. Kiboko akamwambia mambo siku hizi ni ya kisasa. Amenunua mashine ya ghala kutoka ng'ambo; hiyo ndiyo inayofungua vyumba, hiyo ndiyo inayojua kipi ni cha nani. Tatizo mashine inasema lugha ya ng'ambo tu. Ikishasema lugha ya porini, kila mtu atapata chake. Alisema hayo huku punje za mahindi ya Nyani zikimdondoka mdomoni.

Kindi aliijua lugha ya ng'ambo, maana alizaliwa kwenye dari la duka la mgeni mmoja. Akajua vilevile kwamba Kiboko hana nia ya kumpa mtu kitu. Alichotaka ni kuvifungua vyumba vya ndani, ambavyo alikuwa hajavifikia, naye avimalize. Roho ikamuuma Kindi, akawafikiria wanawe wanavyolia kule tunduni. Akawaambia Nyani, Kanga na wenzao wangoje vichakani nyuma ya ghala, kisha akarudi akasema sawa, atatafsiri.

Kiboko hakutaka mtu aingie aone mahindi yalivyopungua. Akamweka Kindi nje, akawa anamtupia neno mojamoja la mashine dirishani.

"Neno hili linakaa wapi, Bwana Mkubwa?" Kindi akauliza.

"Tafsiri tu. Usiulize."

Kindi akaeleza kwamba neno likiwa la mlangoni ni jambo moja, likiwa la stoo ni jambo jingine, na likiwa la mteja ni jingine kabisa. Kiboko akasema neno ni neno. Haya, Kindi akatafsiri kwa kubahatisha. Kiboko akaliingiza kwenye mashine, akabonyeza, ti! Mlango haukufunguka. Ikawaka feni ya kupepetea nafaka, vuuu, makapi yakamjaa puani, akapiga chafya, chaa! chaa!

Likaja neno la pili.

"Na hili linakaa wapi, Bwana Mkubwa?"

"Tafsiri tu. Usiulize."

Ti! Mkanda wa kubebea magunia ukaanza kwenda, kri kri kri, ukamzoa Kiboko miguu juu, ukampeleka mpaka ukutani, pu!

Likaja neno la tatu.

"Na hili linakaa wapi, Bwana Mkubwa?"

Safari hii Kiboko akajipangusa makapi, halafu akauliza Kindi anataka kujua nini hasa.

"Nataka nilione neno likiwa kazini," Kindi akasema. "Nione na anayelitumia. Mimi nikae anapokaa mwenye ghala, na mteja asimame anaposimama mteja."

"Mteja mwenyewe yuko wapi?"

"Hapa hatuna mwingine ila wewe. Lakini sijui kama utaweza. Mteja hupanga foleni, na wewe hujawahi."

Kiboko hapendi kuambiwa kuna asiloliweza. Akatoka nje, du, du, du, akapanga foleni peke yake, kifua mbele. Kindi akapenya ndani, akaketi mbele ya kioo cha mashine. Sasa maneno yote yalikuwa mahali pake, kila neno na majirani zake, na yote yakaeleweka. Ti! Mlango wa mbele ukajifunga, kwaa! Ti! Mlango wa nyuma ukafunguka, na walioko vichakani wakaingia, kila mmoja akachukua chake bila kugombana.

"Kindi, umemaliza?" Kiboko akaita kutoka nje.

"Bado, Bwana Mkubwa. Usisogee hapo, nitapoteza muktadha."

Kiboko akasimama wima, asije akaharibu muktadha. Kindi akabeba karanga zake hadi tunduni. Watoto wakala mpaka wakasinzia na karanga mashavuni, na Kindi, mama yao, akalia kwa furaha.

Jua lilipomchosha, Kiboko akabonyeza kitufe cha mlangoni. Mashine ikamjibu kwa lugha ya porini, safi, bila kosa hata moja:

"Karibu, mteja. Huna akiba yoyote katika ghala hili. Asante kwa kusubiri."

Nayo ilisema kweli, maana Kiboko hajawahi kulima hata tuta. Akafungua kinywa ajibu, jibu likakosekana. Mpaka leo ukimwona mtoni utamkuta amekifungua, bado analitafuta.

Hadithi nimeitua hapo, mabega yameniuma. Anayeitaka na aibebe.

Mnauliza funzo? Funzo ni hili. Ukimpa mfasiri kazi, mpe maneno matupu, umfungie mlango, na umwambie unayataka leo hii. Asione kitu, asiulize kitu. Ukishaanza kumjibu maswali yake, kazi itatoka nzuri, na hapo utamlaumu nani?