Chumba cha Nyuma

Sebule ya msusi mmoja ilikuwa safi kama kioo. Vitambaa vyeupe vilitandazwa juu ya viti, sakafu iling'aa, na mgeni alikaribishwa kwa maneno matamu kama asali. Kanisani, mama huyu alifundisha darasa la watu wazima waliojiandaa kubatizwa. Kwa jinsi alivyopenda kuhimiza watu wavue utu wa kale na kufanywa upya, wanafunzi wake walimbandika jina la Mama Upya. Alipoeleza uzima wa milele, hata mwanafunzi mmoja, fundi viatu, mtu mkavu asiyejua kulia, alitafuta leso.

Nyuma ya sebule ile kulikuwa na chumba ambacho mgeni hakuonyeshwa. Humo alilala mama mkwe wake, ajuza aliyepooza upande mmoja. Mwanawe, dereva wa malori ya safari ndefu, alionekana nyumbani kwa nadra, hivyo mzigo wote ulimwangukia mkewe. Mwanzoni aliubeba kwa moyo mweupe. Miaka iliposonga, moyo ukaota kutu. Wanafunzi walipomuuliza hali ya mgonjwa, alijibu, "Tunamshukuru Mungu, amelala," kisha akageuza mazungumzo.

Alasiri moja wanafunzi hao waliamua kwenda kumjulia hali ajuza bila kutoa taarifa. Walibeba sabuni na shuka mpya. Walikuta mlango wazi, na kabla hawajapiga hodi, sauti waliyoijua vyema ikawafikia kutoka ndani.

"Umechafua tena! Nimefua asubuhi, nifue na sasa? Hufi, huponi! Hata mbinguni hawakutaki, ndiyo maana hawaji kukuchukua!"

Fundi viatu aliinamisha kichwa kana kwamba aliyetukanwa ni mama yake mzazi. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Jamani, turudi." Walikuwa wamechelewa. Mama Upya alitokea na beseni la nguo chafu, wakakutana uso kwa uso. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Karibuni," alisema, akiliweka beseni chini.

"Kumbe kuna wageni?" ajuza aliuliza kutoka chumbani. "Waingie. Mkinikuta hivi msimlaumu mkwe wangu. Ananitunza vizuri. Msumbufu ni mimi."

Laiti angemshtaki! Wema ule ulimchoma Mama Upya kuliko kofi la uso. Wageni waliingia, wakaacha zawadi zao, wakaomba kwa maneno machache, wakaondoka pasipo kumtazama mwalimu wao.

Alipobaki na mgonjwa wake, alipasha maji moto, akaanza kumwogesha. Ajuza alimwangalia kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, wewe ndiye unayefundisha mambo ya mbinguni. Lile ulilosema, kwamba hawanitaki, ni kweli?"

Kitambaa kilimponyoka Mama Upya. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nilisema uongo, mama. Uongo mbaya. Huko utapewa mwili mpya usiouma. Utatembea. Wa kutiliwa shaka kama atafika ni mimi."

"Basi tubu, twende sote," ajuza akamwambia, akitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyomtii. "Nikishapewa hiyo miguu, nitatembea na nani?"

Mama Upya alilia kama mtoto, akatubu palepale, mikono ikiwa imejaa povu.

Jumapili iliyofuata hakusimama kufundisha. "Mliyemsikia siku ile ndiye niliyekuwa," aliwaambia wanafunzi, macho yakiwa chini. "Niliwahubiria upya ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeuonja. Nimemwomba mchungaji niketi nanyi nijifunze."

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi viatu alisogea kwenye benchi, akampisha.

Tangu hapo alimwogesha mkwewe akimwimbia, na wageni wakapelekwa moja kwa moja chumbani. Ajuza alifariki mwaka uliofuata, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkwewe. Msusi alitumaini kwa moyo wote kwamba wangeonana tena, na kila alipoiwaza siku hiyo, machozi ya haya yalimlengalenga. Watu wa kanisa waliowahi kumsifu kwa utamu wa ulimi wake walijifunza kwa uchungu kwamba nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.